Meza Moja na Mama Mkwe

Nimemfahamu Efrazia miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akitafuna. Yeye naye hajawahi kuniona nikimeza. Ni mama wa mke wangu, na kwetu hilo linatosha. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatajani majina, na hawali mahali ambapo mmoja anaweza kuona mdomo wa mwenzake. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Mara nyingi ni mimi, kwa sababu yeye huwa na mzigo kichwani. Jina lake naliandika hapa kwa kuwa karatasi si mdomo. Nikiambiwa niisome habari hii kwa sauti, nitaliruka.

Mtu asidhani kuna ugomvi. Ni heshima, na heshima hiyo haijawahi kutuzuia kufanya biashara.

Mimi nanunua na kuuza nafaka pale soko la Mugumu. Nilianza na baiskeli na mizani ya kuazima. Leo nina pikapu yenye kioo kimoja kilichopasuka na chumba cha kuhifadhia magunia. Yeye analima ulezi Ringwani. Kila baada ya mavuno nakwenda kwake, nakaa kwenye kigoda nje, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa jiko lake. Yeye yuko ndani ya jiko, upande wa pili wa udongo uleule. Frida, mke wangu, anasimama mlangoni. Tunasikiana vizuri kabisa, lakini maneno lazima yapite kwa Frida kama maji yanavyopita kwenye kichujio.

"Mwambie Baba Ghati ulezi wa mwaka huu umepepetwa mara mbili," sauti inasema.

"Nimesikia," nasema. "Mwambie mama soko limejaa ulezi wa Tarime."

"Mwambie basi akanunue huo wa Tarime, aache kuchosha ukuta wangu."

Frida anacheka, anatazama huku na huku, wala harudii neno. Nimepatana bei na Wakurya wa mnadani, na madalali wa Sirari wanaochanganya lugha tatu ili usijue wanakuibia kwa ipi, lakini hakuna aliyewahi kunitoa jasho kama huyo mwanamke wa nyuma ya ukuta. Usoni mwa mtu huwa nasoma pale anapokaribia kukubali. Yeye nilinyimwa uso wake tangu mwanzo.

Alizaliwa upande wa Issenye, akaolewa Ringwani akiwa msichana, akazaa mabinti watatu, akafiwa na mume. Wakati kijiji kizima kilipogeukia mahindi, yeye alibaki na ulezi kwenye ekari zake mbili kando ya kijito. Walimcheka. Ulezi unataka palizi ya kuinama, kuvuna kwa kisu kichwa kimoja kimoja, kupura, kupepeta. Mahindi unapanda, unapalilia mara mbili, unapumzika. Lakini mahindi yakikaa ghalani bila dawa, wadudu wanayapiga unga kabla yako. Ulezi unakaa miaka. Ulipokuja mwaka wa jua, wale waliomcheka walifika kwake na vyombo. Hakuwapa bure, na wala hakuwafukuza. Alisema debe moja ni siku tatu za palizi. Mwaka uliofuata shamba lake lilipaliliwa na nusu ya kijiji, yeye amekaa kivulini akionyesha kwa kidole palipobaki majani.

Mwaka jana ndipo shida ilipoanza. Simioni, mdogo wa marehemu mumewe, alinunua trekta kuukuu, na mwenye trekta huona kila ardhi ya mwenzake imelala. Alileta neno kwenye kikao cha ukoo. Akasema ardhi ni ya kaka yake, kaka hakuacha mtoto wa kiume, na shemeji anaichezea.

"Ekari mbili zinatoa gunia tisa za ulezi," alisema. "Mimi nikitia mahindi, natoa thelathini. Mnataka ukoo ule heshima?"

Frida alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema mama yake alinyamaza mpaka kila mtu akamaliza, kisha akasema gunia si sawa na gunia, inategemea nani analisubiri. Wazee wakalishika neno hilo. Wakaamua hivi: kabla kilimo kipya hakijaanza, Efrazia alete uthibitisho kwamba gunia zake zote tisa zina wanunuzi wa kudumu, kila mwaka, kwa bei inayozifanya zisiaibike mbele ya thelathini za Simioni. Akileta, shamba ni lake mpaka afe. Asipoleta, trekta linaingia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mimi, mkwe mwenye chumba cha magunia, sikujitokeza. Jibu ni rahisi. Sokoni watu hununua ulezi kwa kilo mbili tatu, uji wa mtoto, uji wa mgonjwa. Nikichukua gunia tisa kwa bei anayoitaka yeye, chumba changu kitajaa na mfuko wangu utapungua. Mimi si kanisa. Hata Frida hakuniomba.

Mwezi wa tisa akaja Shefu.

Alishuka sokoni na gari la hoteli mpya, ile iliyojengwa kwenye kilima kile cha mawe unapoelekea mbugani. Anaitwa Anold, mtu wa Moshi, amesomea upishi Ulaya, ana aproni nyeusi na mkononi amechorwa picha ya kitunguu. Alikuwa anapita kwa kila mwenye nafaka, anachukua punje, ananusa, anatafuna, anafumba macho. Akafika kwangu, akatafuna ulezi wa Ringwani, akakaa juu ya gunia langu bila kuomba.

"Mzee, huu umetoka wapi?"

"Unauliza kwa niaba ya nani? Ya hoteli au ya njaa yako?"

Akacheka. Akasema amefungua meza ya namna mpya, si mgahawa wa kawaida, kila chakula ni jaribio, na anataka ulezi wa shamba moja tu, wenye mwenyewe anayejulikana. "Kila mgeni, kila siku, mwaka mzima," alisema. "Nataka niweze kuwaambia wageni: huu ameulima mama fulani."

Kila mgeni, kila siku, mwaka mzima. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na nalikubali. Kichwani mwangu niliona mgeni, nikaona sahani yake, na kwenye sahani nikaona mlima wa ugali wa ulezi kama tunavyoupakua sisi, wa kushibisha mtu aliyetoka kulima. Nikazidisha kwa wageni ishirini. Gunia tisa zisingefika hata mwezi wa tatu. Nilipanga bei palepale, nikaipandisha, naye hakushtuka. Nilipanga usafiri na magunia yawe ya nani. Kilichobaki, akasema, ni jambo moja: kabla ya kuandikiana, lazima mwenye ulezi aje ale mezani kwake. Ni utaratibu wake.

"Tutakuja watatu," nikasema. "Mama, binti yake, na mimi."

Kosa la pili ni hilo. Nilipatana kila kitu isipokuwa viti. Hoteli zote nilizowahi kuingia zina meza nyingi. Nilidhani wao watakaa pembe moja na mimi nitakaa nje na madereva.

Siku ilipofika tulipanda kilimani jua likiwa bado juu. Mama na Frida walikaa nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu, mimi mbele peke yangu kama kawaida. Alivaa gauni la kanisani na kitenge kipya, na kikapuni alibeba debe dogo la ulezi la kuonyesha na unga wake kidogo. Tukapita getini, mlinzi amelala na mdomo wazi.

Shefu akatupokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mpishi, mbona umekonda?"

Akatuingiza. Na humo ndani kulikuwa na meza moja.

Meza moja tu, ndefu, ya gogo lililopasuliwa, upande mmoja wazi kuelekea mbuga. Wageni kumi na saba walikuwa wamekaa tayari, wanatazamana. Shefu akamvutia mama kiti cha katikati, cha heshima. Kisha akazunguka, akanivutia mimi kiti cha upande wa pili, mbele yake kabisa, hatua moja na nusu.

"Mkwe na mama mkwe, uso kwa uso!" akawaambia wageni kwa Kiingereza, nao wakapiga makofi.

Frida akashika mdomo. Nikamvuta Shefu pembeni.

"Ndugu yangu, sisi hatuli pamoja."

"Mmegombana?"

"Hapana. Ni mkwe wangu."

"Mzee, hata kwetu tunaheshimiana na wakwe. Lakini tunakula!" Akanipiga bega. "Hii meza kazi yake ndiyo hiyo. Inavunja kuta."

Nilitaka kumwambia kuwa ule ukuta ndio uliokuwa unatulisha, lakini wageni walikuwa wanatazama, na karatasi ya mkataba nilikuwa nimeiona kwenye meza ndogo pale pembeni, kalamu juu yake. Nikakaa. Nikageuza kiti upande, nikakazia macho nyasi za mbugani. Mgeni aliyekuwa jirani yangu akadhani nimeona chui. Akatoa darubini, akaniuliza yuko wapi. Baada ya dakika mbili nusu ya meza ilikuwa inatafuta chui wangu.

Kwa pembe ya jicho niliona kitenge kimepanda mpaka puani. Mama hakusogea.

Vyakula vikaanza kuja. Cha kwanza kilikuwa jiwe. Jiwe la moto kweli, na juu yake jani moja lenye tone la kitu cheupe. Cha pili kilikuwa kopo la kioo lililojaa moshi. Ukifunua, moshi unatoka, na chini kuna kipande cha nyama kilichokatwa chembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Wageni walisema "aah". Mimi na mama hatukugusa. Mhudumu akaondoa sahani zetu zikiwa nzima, Shefu akaziona, na uso wake ukaanza kuanguka.

Akaja kuinama kwa mama. "Mama, hupendi?"

"Ni kizuri, mwanangu. Endelea na kazi."

"Mbona huli?"

Nikasikia sauti ile ya nyuma ya ukuta, safari hii bila ukuta: "Frida. Mwambie Baba Ghati ashughulike na kilichotuleta. Mimi natafuta maji ya kunawa." Kiti kikaburuzwa. Akapita mlango wa wapishi na kikapu chake, Frida nyuma yake, na sikugeuka mpaka mlango ulipofungwa.

Shefu akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wake akitoroka. "Amekasirika?"

"Hapana. Sasa ndiyo nimeruhusiwa kula. Lete huo ulezi."

Ulezi ulikuja wa tano. Sahani nyeusi pana kama ungo, na katikati yake udongo. Udongo mwekundu, mkavu, umewekwa kama kishamba kidogo cha upana wa vidole vitatu, na ndani yake kimesimama kikaroti kidogo na majani yake. Shefu akasimama kwenye ncha ya meza akaeleza kwamba udongo ule ni ulezi, umekaangwa na kusagwa na kuchanganywa na siagi, na kwamba kila mtu avune karoti yake mwenyewe, kwa mkono, kumkumbuka mkulima.

Nilivuna. Karoti ilikuwa karoti. Ule udongo nikauonja kwa ncha ya kidole, na siwezi kusema ulikuwa mbaya. Ulikuwa na chumvi, ukapotea. Nikawaza: mwanamke anainama miezi minne kuutoa ulezi kwenye udongo, na huyu amesomea miaka minne kuurudisha. Lakini hilo halinihusu. Mtu akishanunua mali, hata akitaka kuipaka ukutani ni yake. Kilichonishtua ni kingine. Nilikusanya udongo wote uliobaki kwa ukingo wa kisu, nikaupima kwa jicho, jicho ambalo limepima nafaka miaka ishirini. Kijiko kimoja cha chai. Wala hakijajaa.

"Shefu," nikamwita taratibu. "Ulezi utarudi kwenye chakula kingine?"

"Hapana mzee. Kila kitu kinatokea mara moja. Ni vionjo tisa."

"Na wageni kila siku ni wangapi?"

"Tukijaa, ishirini. Hawazidi. Hapo ndipo ubora unapokaa."

Nikapiga hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Vijiko ishirini kwa siku, mwaka mzima, kukijaa kila siku, ni debe mbili. Gunia tisa ni debe hamsini na nne. Bei niliyokuwa nimeipandisha kwa ufundi wote ule ilikuwa bei nzuri sana ya debe mbili. Nje kwenye nyasi jua lilikuwa linashuka, wageni wanapiga picha, na mimi niliona trekta la Simioni.

Frida akarudi, akainama sikioni. "Mama anauliza, ulezi wake umefika mezani? Ni kiasi gani?"

Nikamimina ule udongo kwenye kitambaa cha mezani, nikafunga fundo, nikampa. Akaenda. Akarudi.

"Ameuweka kiganjani. Anasema umempelekea cha kifaranga, cha watu kiko wapi?"

"Mwambie ndicho hicho. Mwambie nimekosea. Nilipima sahani yao kwa sahani yetu."

Frida akanitazama kidogo. Maneno kama hayo hajayazoea kutoka kwangu. Akaenda, na safari hii akakawia. Vikaja vionjo vya sita na saba. Kimoja kilikuwa povu. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka.

"Mama anasema Baba Ghati asisaini chochote na asiondoke. Anasema wewe umehesabu mezani, yeye amehesabu huko nyuma."

Nikatoka. Nyuma ya jiko kubwa kuna ushoroba, na mwisho wa ushoroba kuna bwalo la wafanyakazi, benchi na mabati. Niliposikia sufuria na sauti ya mama, nikajua anakula, kwa hiyo sikuweza kuingia. Nilikaa kwenye kreti ya soda nje ya mlango, mgongo ukutani. Mahali pangu palepale pa miaka yote. Ila Frida hakusimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Efrazia akipatana bei na mtu uso kwa uso.

Mtu mwenyewe alikuwa Jackson, mtu wa Tarime, msimamizi wa wafanyakazi wote wa hoteli. Alikuwa amekuja kula, akamkuta bibi na kikapu amekaa na Kezia, mpishi wa bwalo.

"Watu wako ni wangapi?" mama aliuliza.

"Sitini, mama. Madereva, walinzi, wasafishaji, bustani, wote."

"Wanaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Wanakula nini?"

Kezia akadakia: "Chai ya rangi na andazi. Moja! Mimi ndiye ninayetukanwa, si yeye."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa saba mchana," Jackson akasema.

"Basi ndiyo maana mlinzi wenu amelala getini. Nimempita mimi mzee na gari linalopiga kelele kama mashine ya kusaga, hakuamka. Simba akija mtajuaje?"

Bwalo zima likacheka. Nilisikia mtu anasema, "Huyo ni Nikodemo, mama, huyo hata akishiba analala."

"Huyo mmoja nitamwachia Mungu. Hao hamsini na tisa wape uji wa ulezi. Kikombe kimoja cha unga ni uji wa watu watano. Vikombe kumi na viwili kwa siku. Debe langu moja linakupeleka wiki nzima."

"Mama, tuna mtu anayetuletea sembe kutoka Musoma..."

"Mwachie sembe yake ya mchana. Mimi nimeomba asubuhi tu."

"Ulezi una mchanga. Wafanyakazi watanirushia vikombe."

"Kezia, hiki ulichotukorogea sasa hivi kutoka kwenye kikapu changu, umeona mchanga?"

"Sijaona," Kezia akasema.

"Naleta ulezi uliooshwa na kuanikwa juu ya turubai. Ukipata mchanga kwenye kikombe kimoja, nirudishie debe zima. Ukipata kwenye viwili, nirudishie na mkwe wangu, ndiye msafirishaji."

Wakacheka tena. Mimi niliyekuwa kwenye kreti sikujua nicheke au niondoke. Jackson akataka bei ya soko. Akapewa bei iliyo juu ya soko na sababu tatu. Akashusha, naye akanyamaza. Nakijua kimya kile. Nimewahi kukijibu kwa pesa yangu mwenyewe mara nyingi. Jackson akakijibu vilevile, akaongeza bei bila kuombwa.

"Lakini Jumapili wanakula mkate," akasema, kama mtu anayejaribu kuokoa hata kandambili moja.

"Jumapili ni ya Bwana. Hiyo nimekuachia."

Waliandikiana palepale, Kezia shahidi. Shefu naye alisaini debe zake mbili, kwa ile bei yangu ya kilele. Alikuja kuniuliza pembeni, na niliona anauliza kweli, si kwa adabu: "Mzee, chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro, Shefu. Wewe unawapikia watu walioshiba. Sisi hatujawahi kupata biashara hiyo."

Akajikuna kile kitunguu cha mkononi. Ni kijana mwema. Akaniuliza kama Frida angeweza kumfundisha kukoroga uji. Nikamwambia kuna bei.

Giza lilikuwa linaanza tulipoteremka. Wao nyuma kwenye magunia, mimi mbele. Kioo cha nyuma cha pikapu hakifungi, kwa hiyo nilisikia Frida anapogonga paa.

"Baba Ghati! Mama amejumlisha. Jackson mwaka mzima kasoro Jumapili ni debe arobaini na tano. Shefu mbili. Arobaini na saba."

Nilikuwa nimeshajumlisha pia. Nilikuwa nasubiri nani atalisema.

"Zimebaki saba," Frida akasema. "Wazee walisema gunia zote tisa. Zikibaki hata debe saba, Simioni atazikalia."

"Mwambie mama nitazichukua. Kwa bei ya soko."

Sauti ikatoka gizani, haikumngoja Frida: "Mwambie bei ni ya Jackson."

"Mwambie Jackson ana watu sitini, mimi nina panya."

Gari likapita kijito, likapanda upande wa pili. Nikafikiria chumba changu, nikafikiria debe saba, nikafikiria vile vikombe vya uji wa watoto pale Mugumu. Anajua kwamba najua. Bila zile debe saba, karatasi zote mbili alizotia kikapuni ni za kuwashia moto. Angeweza kuniomba kama mkwe, na ningekataa, au ningekubali na kumkumbusha kila mwaka. Hakuniomba. Aliniwekea bei, nami nikajikuta nahesabu, nikaona kwamba kwa kusafirisha za Jackson nitapata safari ya kwenda kilimani kila mwezi, na safari ina mizigo mingine ya kubeba. Haikuwa hasara. Ilikuwa karibu sana na hasara, na hapo ndipo anapopenda kumwacha mtu.

"Mwambie nimekubali."

"Amesikia," Frida akasema. Halafu mkono wake ukapita kwenye kioo cha nyuma na mfuko wa plastiki wenye joto. Ugali wa bwalo na dagaa, vimefungwa na Kezia. "Anasema hujala leo isipokuwa kijiko. Kula. Ametazama nyuma."

Niliangalia kioo cha pembeni, kile kilichopasuka. Kwa mwanga mwekundu wa taa za nyuma niliona mgongo wake, umenyooka juu ya magunia matupu, uso ameuelekeza kule tulikotoka. Hata kichwa hakugeuza. Nikala kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, mpaka nikaramba mfuko.

Wazee walizisoma karatasi wiki iliyofuata. Simioni alihesabu debe zote kwa vidole, akafika hamsini na nne, akarudia, akafika hamsini na nne. Akasema hiyo ya mkwe si mnunuzi, ni undugu. Mzee mmoja akamwomba ataje ni mkwe gani Ringwani ananunua kwa mama mkwe juu ya bei ya soko kwa undugu. Simioni akanitazama usoni, na uso wangu ulikuwa wa mtu aliyebanwa kweli, haukuhitaji shahidi. Trekta likaenda kwenye shamba lake mwenyewe.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipita Ringwani kuchukua debe za mwezi. Alikuwa shambani anatawanya mbegu, analenga upepo. Nikasimamisha gari, nikageuka kutazama upande mwingine mpaka Frida aliponiambia amefika jikoni. Nikakaa kwenye kigoda changu.

"Mwambie Baba Ghati," ukuta ukasema, "mwaka kesho bei inapanda."